Ufa nao una bei: historia ya joto, kioo na chungu

Chukua bilauri mbili za kioo. Moja ni nene na nzito, ile ambayo ukiishika unahisi kweli una kitu mkononi. Nyingine ni nyembamba, hata kuiosha unaogopa. Sasa mimina chai inayochemka kwenye zote mbili. Ipi ina hatari zaidi ya kupasuka? Watu wengi wanataja ile nyembamba. Hapana, ni ile nene.

Swali la pili. Chungu cha udongo ukikidondosha sakafuni kinasambaratika, na ukikipima maabara utakuta hakina nguvu hata kidogo ukikilinganisha na kioo. Inakuwaje basi kinakaa juu ya mafiga mwaka hadi mwaka, huku bilauri yako ikiwekwa pale pale haifiki hata jioni?

Maswali haya yanafanana lakini si swali moja. La kwanza linauliza ufa unaanzaje. La pili linauliza ufa ukishaanza unafika wapi. Historia ninayotaka kukusimulia ni ya namna wanasayansi walivyolishughulikia la kwanza kwa miaka mingi, wakalijibu vizuri kabisa, kisha wakashangaa kuona vitu bado vinapasuka.

Joto linavunjaje kitu?

Kitu kikipata joto kinatanuka, kikipoa kinasinyaa. Hilo ulifundishwa shuleni, na peke yake halina ubaya wowote. Ukiipasha bilauri nzima polepole, kila sehemu ikatanuka sawa na jirani yake, hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza pale sehemu moja inapotaka kutanuka na jirani yake bado hajapata habari. Ukimimina chai, upande wa ndani unapata moto papo hapo. Upande wa nje bado wa baridi. Kwa kuwa ni kitu kimoja, wa ndani unabanwa na wa nje unavutwa. Kioo kinavumilia sana kubanwa. Kinachokishinda ni kuvutwa. Kwa hiyo ufa unaanzia nje, upande ambao chai haikuugusa kabisa. Na ukuta ukiwa mnene, joto linachelewa kuvuka, tofauti kati ya ndani na nje inakuwa kubwa. (Kile kijiko ambacho shangazi anakuambia utangulize kwenye glasi kabla ya kumimina si ushirikina. Kinanyonya sehemu ya joto la mmimino wa kwanza.)

Hebu tuweke namba. Kioo cha kawaida, kile cha mchanga, magadi na chokaa, kinatanuka sehemu 9 katika kila milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Unaona kama si kitu. Lakini kioo ni kikakamavu, hakikubali kunyumbuka. Tofauti ya nyuzi 80 ikizuiwa kabisa inazaa mkazo wa takribani megapaskali 50, yaani ni kama kuning'iniza kilo 500 kwenye kila sentimita ya mraba. Bilauri iliyokwisha kuchakaa kwa mikwaruzo ya kuoshwa inaweza kukatika kwa mkazo wa kiwango hicho.

Jambo lingine la kushika: kupoza ghafla ni hatari kuliko kupasha ghafla. Ukikipoza kitu cha moto kwa maji, ngozi yake ya nje inasinyaa kwanza huku tumbo likiwa bado limetanuka, kwa hiyo ni ngozi inayovutwa. Na ngozi ndiyo yenye mikwaruzo. Mambo haya mawili, mvuto na mkwaruzo, yakikutana mahali pamoja, ufa umeshapata mlango.

Waliojua kabla ya kujua

Watu waliutumia ufa wa joto kama chombo cha kazi muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuandika hesabu yake. Diodoro wa Sisilia, mwanahistoria wa karne ya 1 kabla ya Kristo, anaeleza jinsi migodi ya dhahabu ya Misri ilivyochimbwa kwa kuwasha moto mkali kwenye mwamba mpaka ukalegea, ndipo wafungwa wakaugonga kwa vyuma. Livy naye anasimulia kwamba Hannibal, alipokuwa akivuka milima ya Alps mwaka 218 kabla ya Kristo, alipasua mwamba uliomzuia njia kwa moto na siki. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu hiyo siki. Kwa upande wa fizikia, maji tu yangetosha.

Georgius Agricola alichora kazi hiyo katika kitabu chake kikubwa cha uchimbaji madini kilichotoka mwaka 1556, pamoja na onyo kuhusu moshi wenye sumu unaobaki shimoni. Kwenye machimbo ya fedha ya Kongsberg, Norway, moto uliendelea kutumika hadi mwishoni mwa karne ya 19, wakati baruti ilikuwa imeshakuwepo zamani. Na kwetu huku hakuna haja ya kwenda kwenye vitabu. Pita kwenye machimbo ya kokoto sehemu zenye miamba ya graniti Afrika Mashariki, utakuta watu wamelundika kuni au tairi chakavu juu ya jiwe, wamewasha, wanasubiri.

Graniti inafaa sana kwa kazi hii kwa sababu si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa madini kadhaa, na kila moja linatanuka kwa kiwango chake. Ugomvi upo ndani ya jiwe lenyewe hata kama joto limesambaa sawasawa. Halafu mojawapo ya madini hayo, kwatsi, likifika nyuzi 573 linabadilisha mpangilio wake wa ndani na kuvimba kwa ghafla. Mpasuaji mawe hahitaji kuijua namba hiyo. Anachokijua ni wapi pa kuuweka moto, kwa sababu mwamba una mishipa yake, na ufa unapenda kufuata mshipa kuliko kufungua njia mpya. Yaani swali la pili, lile la ufa unakwenda wapi, analo mkononi tayari.

Matone ya kioo yaliyomchekesha mfalme

Mwaka 1660 Mwanamfalme Rupert, mzaliwa wa Prague, alimletea Mfalme Charles II wa Uingereza zawadi ya ajabu: matone ya kioo yenye umbo la kiluwiluwi, kichwa kinene na mkia mrefu mwembamba. Yanatengenezwa kwa kudondosha kioo kilichoyeyuka ndani ya maji baridi. Kichwa cha tone unaweza kukigonga kwa nyundo kisivunjike. Lakini uvunje mkia kidogo tu kwa vidole, tone lote linalipuka na kuwa unga. Mfalme aliyapeleka Royal Society, na mwaka 1661 Sir Robert Moray akaandika ripoti kuyahusu. Robert Hooke naye aliyachunguza katika kitabu chake cha mwaka 1665.

Kinachotokea ni hiki. Tone likiingia majini, ngozi inaganda kwanza. Tumbo linaganda baadaye, na linapoganda linasinyaa, likiivuta ngozi kuelekea ndani. Mwishoni ngozi imebanwa vibaya sana, na tumbo limevutwa vibaya sana, na hali hiyo inabaki humo milele. Nyundo haifui dafu kwa sababu ufa hauwezi kufunguka mahali palipobanwa. Mwaka 2016 watafiti walipima mgandamizo wa ngozi hiyo wakakuta unafikia megapaskali 700. Lakini mkia ni mwembamba. Ukiuvunja, ufa unaingia moja kwa moja kwenye tumbo, mahali penye mvuto. Na hapo hakuna wa kuuzuia. Mwaka 1994 Chandrasekar na Chaudhri walipiga picha kwa kamera ya kasi inayofikia karibu picha milioni moja kwa sekunde, wakaona ufa ukikimbia kutoka mkiani kwa mita 1,450 hadi 1,900 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 5,000 kwa saa.

Ulikuwa ni mchezo wa ikulu, lakini ndani yake kulikuwa na fundisho ambalo lilikaa miaka zaidi ya 250 bila mtu kulisoma sawasawa: joto linaweza kuweka akiba ndani ya kitu, na ufa ndio unaokuja kuitumia.

Jena, Corning na taa za reli

Turuke hadi karne ya 19, Ujerumani, mji wa Jena. Otto Schott, mkemia aliyezaliwa katika familia ya watengeneza vioo, alianzisha huko maabara ya kioo mwaka 1884 akiwa na Ernst Abbe na akina Zeiss. Aliongeza boroni kwenye kioo, na kioo hicho kipya kikawa kinatanuka kidogo mno. Kile tunachokiita leo borosiliketi kinatanuka sehemu 3.3 tu kwa milioni, karibu theluthi ya kioo cha kawaida. Rudia hesabu yetu ya nyuzi 80: badala ya megapaskali 50 unapata kama 17.

Mwaka 1894 Schott na mwanafizikia Adolf Winkelmann walitoa makala ambayo mimi nadhani inastahili umaarufu kuliko ulionao. Walijaribu vioo vya aina nyingi kwa mshtuko wa joto, kisha wakaunganisha matokeo kwenye kanuni moja. Kioo kinachovumilia joto la ghafla, walisema, ni kile chenye nguvu ya kuhimili mvuto, kisicho kikakamavu sana, kisichotanuka sana, na kinachopitisha joto upesi. Basi. Swali la kwanza limejibiwa.

Na jibu hilo liliokoa watu. Marekani wakati ule treni ziliongozwa usiku kwa taa za mafuta zenye vioo vya rangi. Kioo kinapashwa na mwali kutoka ndani, mvua au theluji inakipiga kutoka nje, kinapasuka. Fikiria maana yake. Reli nyingi zilikuwa zinatumia mwanga mweupe kumaanisha njia iko wazi na mwekundu kumaanisha simama. Taa nyekundu ikipoteza kioo chake, dereva wa treni anaona nini? Anaona nyeupe. Kampuni ya Corning, jimbo la New York, ilitengeneza vioo vya taa visivyotanuka sana, na vilidumu kiasi kwamba mauzo ya vioo vya kubadilisha yakashuka. Biashara ikaharibiwa na ubora wake yenyewe!

Ndipo wakaanza kutafuta kazi nyingine ya kioo hicho. Mwaka 1913 mwanafizikia wao Jesse Littleton alipeleka nyumbani vitako vya mitungi ya betri vilivyokatwa kwa msumeno, na mkewe Bessie akaokea keki ndani yake. Keki ilitoka vizuri, na mwaka 1915 vyombo vya Pyrex vikaingia sokoni. Katika historia nyingi za sayansi jina la Bessie linatajwa kama kichekesho cha pembeni. Mimi naona lile lilikuwa jaribio halali kabisa: moto, muda, matokeo, na sampuli iliyoliwa.

Griffith na bei ya ufa

Sasa tunafika kwa mtu aliyebadilisha namna ya kuuliza. Alan Arnold Griffith alikuwa mhandisi kijana kwenye kituo cha ndege cha serikali huko Farnborough, Uingereza. Tatizo lake halikuwa joto wala kioo, lilikuwa mikwaruzo kwenye vyuma. Mwaka 1913 Charles Inglis alikuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba mkazo unajikusanya kwenye ncha ya tundu au ufa, na kadiri ncha inavyokuwa kali ndivyo mkazo unavyopanda. Vizuri, lakini hesabu hiyo ikifuatwa hadi mwisho inaleta balaa: ufa wenye ncha kali kabisa ungekuwa na mkazo usio na kikomo, kwa hiyo mkwaruzo wowote, hata mdogo namna gani, ungevunja kitu chochote. Na hilo si kweli. Vitu vyenye mikwaruzo tunavyo kila siku na havivunjiki.

Griffith akaacha kuuliza habari za mkazo, akauliza habari za nishati. Nitaieleza kwa lugha ya sokoni kwa sababu inakaa vizuri. Kila ufa unapojiongeza, unafungua nyuso mbili mpya, na kutenganisha atomi zilizokuwa zimeshikana kuna gharama. Kila milimita ya ufa ina bei. Nani analipa? Nishati iliyohifadhiwa ndani ya kitu kilichovutwa, kama ile iliyomo kwenye mpira wa manati. Ufa ukifunguka, eneo linalouzunguka linalegea na kutoa nishati yake. Sasa angalia: gharama inaongezeka sambamba na urefu wa ufa, lakini mapato yanaongezeka kwa urefu mara urefu. Ufa mfupi unafanya biashara ya hasara, kwa hiyo unakaa kimya. Ukivuka urefu fulani, unaanza kupata faida, na kuanzia hapo hauhitaji msaada wa mtu. Unajiendesha wenyewe.

Kulithibitisha hili alichagua kioo, kwa sababu chuma kina tabia nyingi zinazovuruga. Alichora nyufa za urefu uliopimwa kwenye mirija na tufe za kioo, akazipasha tena taratibu ili kuondoa mkazo wowote uliobaki ndani (Mwanamfalme Rupert angeelewa kwa nini), kisha akazijaza shinikizo mpaka zikapasuka. Namba zilikubaliana na hesabu. Halafu akavuta nyuzi za kioo nyembamba kuliko unywele, akakuta nyembamba kabisa zina nguvu mara 20 hivi ya kioo cha kawaida. Uzi mwembamba hauna nafasi ya kubeba ufa mrefu. Makala yake ilitoka mwaka 1921.

Alipata zawadi gani? J. E. Gordon, aliyekuja kufanya kazi Farnborough baadaye, anasimulia kwamba jioni moja msaidizi wa Griffith, Ben Lockspeiser, alisahau kuzima mwali wa gesi wa kuyeyushia kioo. Ukazuka moto, na baada ya uchunguzi wakaamriwa waache kupoteza muda. Griffith akahamishiwa kazi nyingine, akaja kuwa mmoja wa waasisi wa nadharia ya injini za jeti. Wazo lake la nyufa likalala. Liliamshwa na meli za Marekani zilizokatika vipande viwili wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, na George Irwin ndiye aliyelifanya liwe chombo cha wahandisi katika miaka ya 1950. Hiyo ni hadithi ya chuma, tuiache.

Matofali yaliyokataa kanuni

Turudi kwenye joto. Kufikia mwaka 1955 W. David Kingery wa MIT alikuwa amekusanya yote yaliyojulikana kuhusu kauri na mshtuko wa joto, katika mstari ule ule wa Winkelmann na Schott: tafuta nguvu zaidi, punguza kutanuka, ufa usianze. Lakini watu wa tanuri walikuwa na malalamiko. Tanuri la kuyeyushia chuma linajengwa ndani kwa matofali ya kauri, linapashwa na kupozwa, linapashwa na kupozwa. Ukuta huo ukimeguka, chuma cha moto kinatafuta njia ya kutokea, na pembeni kuna watu. Kwa kanuni ya mwaka 1894, tofali bora ni gumu, lililoshikamana, lenye nguvu. Kwenye tanuri halisi, matofali kama hayo yalimeguka mapande makubwa, na yale ya chembe kubwa, yenye matundu, dhaifu ukiyapima, yaliendelea kusimama yakiwa na nyufa ndogo ndogo kila mahali.

Aliyeunganisha mambo haya ni D. P. H. Hasselman, kwanza mwaka 1963 na kwa ukamilifu mwaka 1969. Alichukua lugha ya Griffith akaipeleka kwenye joto, na hapo tofauti moja ikajitokeza. Ukivuta kitu kwa mashine, mashine inaendelea kuongeza nishati. Ukikishtua kwa joto, nishati ni ile ile iliyoingizwa na mshtuko. Mtaji ni mmoja na hauongezwi. Ufa unapokwenda unautumia, na kitu kinalegea, mpaka mtaji unakwisha na ufa unasimama.

Sasa fikiria vitu viwili. Cha kwanza ni imara, nyufa zake za asili ni fupi mno. Ili ufa mfupi uanze kunahitajika mkazo mkubwa, kwa hiyo siku unapoanza, mtaji uliokusanyika ni mkubwa kupita kiasi. Ufa unaondoka kama mtu aliyekuwa anasukuma mlango uliofungwa na ghafla ukafunguliwa: hasimami kizingitini, anaishia sebuleni. Cha pili ni dhaifu, kimejaa nyufa ndefu tayari. Hizo zinaanza kusogea kwa mkazo mdogo, mapema, mtaji ukiwa mdogo, na zinagawana huo mdogo kwa wingi wao. Kila moja inasogea kidogo na kusimama.

Unaona inakokwenda? Kile kile kinachokifanya kitu kisipasuke mapema ndicho kinachofanya kikipasuka kipasuke vibaya. Huwezi kupata vyote viwili kwa kuongeza nguvu peke yake. Ni lazima uchague: ama uzuie ufa kabisa, kama Schott, ama uukubali na kuunyima mtaji.

Jaribio la kuonyesha hili ni rahisi kiasi kwamba ningependa kila idara ya uhandisi ilifanye. Chukua vijiti vya alumina, vipashe kwa viwango tofauti, tumbukiza kila kimoja kwenye maji, kisha vikunje uone nguvu iliyobaki. Tofauti ya joto ikiwa nyuzi 100 au 150, hakuna kilichobadilika. Ukikaribia 200 hivi, nguvu inaporomoka ghafla na kubaki sehemu ndogo tu. Ongeza joto kidogo tena: cha ajabu, nguvu haishuki zaidi. Mchoro unakuwa tambarare. Sababu ni kwamba ule mruko wa kwanza uliupeleka ufa mbali kuliko mahali ambapo mkazo mpya ungeweza kuufikisha. Umekaa pale unasubiri joto lipande vya kutosha ndipo usogee tena, safari hii polepole. Nadharia ya Hasselman ilikuwa na nafasi ya kila kipande cha mchoro huo: mstari, poromoko, tambarare, mteremko.

Ufa unaochora mawimbi

Kilichobaki ni njia. Ufa unafika umbali gani tumeona, lakini unapita wapi? Mwaka 1993 Akifumi Yuse na Masaki Sano wa Japani walichukua ukanda mwembamba wa kioo, wakaupasha kwenye kitanuri, wakawa wanaushusha taratibu kwenye maji baridi kwa mwendo unaodhibitiwa. Chini waliuanzishia ufa mdogo. Ukishushwa polepole sana, ufa haukui. Ukiongeza mwendo, ufa unakata ukanda katikati kwa mstari ulionyooka kama wa rula. Ongeza tena, na mahali fulani mstari unaanza kuyumba, kushoto, kulia, kushoto, unachora wimbi safi lenye mapindo yanayolingana. Ongeza zaidi, unagawanyika matawi na utaratibu unapotea.

Hapa ufa hauendi kwa kilomita 5,000 kwa saa. Unakwenda kwa mwendo wa ukanda wenyewe, unafuatana na mpaka kati ya moto na baridi kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kila unapopotoka kidogo upande mmoja, mvuto wa upande wa pili unaurudisha, na unapitiliza. Picha zile ziliwashika wanafizikia wengi, na kwa miaka kadhaa kulikuwa na makala baada ya makala za kueleza kwa nini mstari ulionyooka unaacha kunyooka. Hoja kubwa ni kwamba ndani ya ufa wa joto kuna utaratibu unaoweza kutabirika.

Na chungu?

Chungu ni kile kitu cha pili cha Hasselman. Wafinyanzi katika sehemu nyingi za dunia, Afrika ikiwemo, hawafinyangi udongo mtupu. Wanauchanganya na mchanga, au vigae vya vyungu vilivyovunjika vikasagwa, au hata majani makavu yanayoungua na kuacha matundu. Chungu kikichomwa, udongo na chembe za mchanga vinatanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na kila chembe inazungukwa na vijiufa visivyoonekana. Kinatoka motoni tayari kimejaa nyufa. Ufa mpya ukija unakutana na chembe, unapinda, unaingia kwenye kijiufa kingine, unapoteza mtaji, unakwama.

Mike Tite, Vassilis Kilikoglou na George Vekinis walilipima jambo hili maabara katika miaka ya 1990 kwa kufinyanga vipande vya udongo vyenye viwango tofauti vya kwatsi. Kadiri kwatsi ilivyoongezeka, nguvu ya kipande ilishuka. Lakini nishati iliyohitajika kukivunja mpaka mwisho ilipanda, na ufa ukaacha kuruka ghafla ukaanza kwenda hatua kwa hatua. Kingery mwenyewe, yule wa MIT, alitumia miaka yake ya baadaye kusoma kauri za kale, na sishangai.

Tahadhari moja kabla hujakimbilia kuandika kwamba bibi zetu walijua mekanika ya nyufa. Mchanga una kazi nyingine pia. Unapunguza udongo kusinyaa unapokaushwa juani, unarahisisha mvuke kutoka wakati wa kuchoma, na wakati mwingine udongo wa mahali unakuja na mchanga wake tayari bila mtu kuutia. Wanaakiolojia bado wanajadili ni lini mfinyanzi alichagua mchanga kwa ajili ya jiko na ni lini aliuchagua kwa sababu nyingine. Njia mojawapo ya kuamua ni kulinganisha, katika kijiji kimoja cha kale, chungu cha kupikia na mtungi wa maji. Kama cha kupikia kina chembe nyingi na kubwa kuliko mtungi, na udongo wenyewe ni ule ule, basi mtu alikaa akafikiri juu ya moto.